Kusuka mchezo huru kwenye Open Rails: njia moja, treni nyingi, kwa mfano wa Makambako hadi Mbeya

Ukifungua Open Rails, gemu ya kuendesha treni kwenye kompyuta, ukachagua reli, kichwa cha treni na saa ya kuanzia, gemu inakuachia njia uendeshe upendavyo. Huo ndio mtindo unaoitwa "Explore Route", na kwa siku za kwanza unatosha. Baadaye unachosha, kwa sababu njia ni tupu: hakuna treni ya kupishana nayo, ishara zote zinakuitikia wewe, na ukichelewa dakika 40 hakuna anayeumia. Uhuru wa kuendesha unapata ladha pale ambapo wengine nao wako njiani. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu njia nyingine: kuandika ratiba ya siku nzima ambayo mchezaji anaingia na kuchagua treni yoyote humo, huku zilizobaki zikiendeshwa na kompyuta.

Tumechagua Open Rails kwa sababu tatu. Ni ya bure, inakubali kompyuta za kawaida za Windows, na mafaili yake mengi ni maandishi matupu unayoweza kuyafungua na kuyarekebisha mwenyewe. Inasoma reli zilizotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, pamoja na zilizotengenezwa baadaye kwa mpangilio huohuo.

Mfano wetu ni TAZARA ya Nyanda za Juu Kusini. Reli hiyo ina urefu wa km 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, upana wa mm 1,067, na ni njia moja yenye sehemu za kupishania stesheni. Kutoka Makambako inashuka kuelekea bonde la Usangu, halafu kuanzia Chimala inapanda kwenda Mbeya, na karibu na Uyole ndiko ilipo sehemu ya juu kuliko zote kwenye reli nzima, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Umbo hilo la kushuka na kupanda ndilo linalofanya ratiba yake iwe somo zuri. Majina ya Makambako, Chimala na Mbeya yaliyomo humu ni ya kuonyesha tu namna ya kuandika, na saa zake ni za gemu, siyo za treni halisi. Kwenye reli utakayotumia, weka majina ya stesheni za reli hiyo.

Chagua reli inayofaa

Tafuta reli ya njia moja yenye stesheni tatu au zaidi, na angalau stesheni moja ya katikati iwe na njia mbili zenye jukwaa kila moja. Sharti hili la majukwaa mawili lina uzito kuliko linavyoonekana, tutalirudia. Mwenye mafaili ya Microsoft Train Simulator anayo tayari reli ya Hisatsu ya Japani: njia moja, ya milimani, upana uleule wa mm 1,067. Ila stesheni yake ya Okoba inahitaji treni kubadili mwelekeo ili iendelee kupanda, kwa hiyo usianze na kupishanisha treni hapo.

Kabla ya kuandika chochote, endesha reli yote mara moja kwa "Explore Route" ukiwa na treni ya uzito unaokusudia. Bonyeza F4 uone mwendo unaoruhusiwa na mteremko ulio mbele, kisha andika kwenye daftari saa uliyopita kila stesheni. Daftari hilo ndilo litakalokupa saa za ratiba. Ratiba iliyoandikwa kwa kukisia huharibika ndani ya saa moja ya mchezo, kwa sababu treni moja ikichelewa kwenye njia moja huwa inachelewesha zote.

Uzito wa treni na mwendo wake mlimani

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anaunganisha mabehewa 30 nyuma ya kichwa kimoja kwa kuwa yanapendeza, kisha treni inakwama katikati ya mlima na siku nzima ya ratiba inafungwa nayo. Fanya hesabu kwanza.

Chukua kichwa cha dizeli chenye uzito wa tani 120 na nguvu ya 3,000 hp. Reli ikiwa kavu, magurudumu yanaweza kushika kiasi cha robo ya uzito huo kabla ya kuteleza: 120 × 9.81 × 0.25, yaani kN 294 (kilonyutoni, kipimo cha nguvu ya kuvuta). Hiyo ndiyo nguvu ya juu kabisa ya kuvuta. Kwenye mlima unaopanda mita 20 kwa kila mita 1,000, kila tani ya treni inahitaji kN 0.196 kwa ajili ya mlima na kama kN 0.02 kwa ajili ya msuguano wa kawaida. Jumla kN 0.216 kwa tani.

Mabehewa 16 ya tani 60 pamoja na kichwa ni tani 1,080. Zidisha kwa 0.216 upate kN 233. Inapita. Mabehewa 22 ni tani 1,440, yaani kN 311, na hapo magurudumu yanazunguka bure. Sasa weka mvua, ambayo huku kwetu ni kitu cha kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Mshiko ukishuka hadi 0.18, nguvu inabaki kN 212, na hata yale mabehewa 16 hayapandi tena. Yanatosha 14. Kwa hiyo ukitaka mchezaji awe huru kuchagua mvua kwenye menyu, panga treni ya mizigo kwa kipimo cha mvua. Ukiamua kubaki na 16, mwambie mchezaji kwenye maelezo kwamba ratiba hii ni ya siku kavu.

Hesabu hiyohiyo inakupa mwendo. Nguvu ya 3,000 hp ni kama kW 2,238, na baada ya kupotea njiani zinafika kwenye magurudumu kama kW 1,835. Gawanya kwa kN 233: mita 7.9 kwa sekunde, yaani km 28 kwa saa. Huo ndio mwendo wa treni ya mabehewa 16 kwenye mlima mkali, hata kibao kikisema 60. Treni ya mabehewa 10 itapanda kwa km 42 kwa saa. Ukiandika saa za treni ya mizigo kwa kuangalia kibao cha mwendo, itachelewa kila siku na utamlaumu bure msimamizi wa ishara wa kompyuta.

Kwa umbali wowote, gawanya km kwa mwendo halisi, kisha ongeza dakika 2 kwa kila kusimama na kuondoka, na asilimia 8 hadi 10 juu yake kwa treni ya mizigo. Mfano: km 40 kwa mwendo wa 50 ni dakika 48. Ongeza 2, kisha 5. Andika 55.

Kuunda treni

Kila treni ni faili moja lenye kiendelezi cha .con ndani ya folda ya TRAINS\CONSISTS. Linaonekana hivi:

```
SIMISA@@@@@@@@@@JINX0D0t______

Train (
  TrainCfg ( "abiria_8"
    Name ( "Abiria mabehewa 8" )
    Serial ( 1 )
    MaxVelocity ( 22.22 1.0 )
    NextWagonUID ( 10 )
    Durability ( 1.0 )
    Engine (
      UiD ( 0 )
      EngineData ( kichwa_a folda_ya_kichwa )
    )
    Wagon (
      UiD ( 1 )
      WagonData ( behewa_abiria folda_ya_behewa )
    )
    Engine (
      Flip ( )
      UiD ( 9 )
      EngineData ( kichwa_a folda_ya_kichwa )
    )
  )
)
```

Rudia kipande cha Wagon mara nane, ukipandisha namba ya UiD kila mara, kutoka 1 hadi 8. Ndani ya EngineData na WagonData, neno la kwanza ni jina la faili la kichwa au behewa bila kiendelezi chake, na la pili ni jina la folda iliyomo ndani ya TRAINS\TRAINSET. Herufi moja ikikosewa, behewa hilo halitatokea. MaxVelocity ni mita kwa sekunde: 22.22 ni km 80 kwa saa. Hifadhi faili kwa usimbaji wa Unicode UTF-16, ndio uliozoeleka kwa mafaili ya aina hii.

Tumeweka vichwa viwili, mbele na nyuma, na cha nyuma kimegeuzwa kwa Flip. Sababu yake ni kwamba treni hii ikifika Mbeya itageuka kuwa treni ya kurudi. Yenye kichwa kimoja ingerudi ikisukumwa kutoka nyuma. Ipo namna ya kukizungusha kichwa kiende upande wa pili, kwa kuongeza /runround pamoja na njia yake ya pekee, lakini iache mpaka ratiba ya msingi itakapokuwa imetulia.

Pima pia urefu. Mabehewa 16 ya mita 14 na kichwa cha mita 20 ni mita 244. Njia ya kupishania lazima iizidi treni, pamoja na nafasi ya kusimama kabla ya ishara. Chini ya mita 300 kwa treni hii ni kujitafutia balaa. Mkia ukibaki juu ya pointi (pale reli inapogawanyika), treni ya pili itasubiri nje bila mwisho.

Kuchora njia

Ratiba haijui treni ipite wapi mpaka uipe faili la .pat. Zana ya TrackViewer, inayofunguliwa kutoka kitufe cha zana kwenye menyu ya Open Rails, ina sehemu ya kuhariri njia. Fungua reli yako, anzisha njia mpya, ruhusu uhariri, kisha tumia kitufe cha kulia cha kipanya kuweka mwanzo juu ya reli. Zana inafuata reli mbele. Penye pointi, bofya uchague tawi la pili pale unapotaka, kisha weka mwisho.

Kwa mfano wetu zinahitajika njia nne:

- mak_mby_kuu: Makambako hadi Mbeya, ikipita njia kuu pale Chimala.
- mby_mak_pembeni: Mbeya hadi Makambako, ikiingia njia ya pembeni pale Chimala.
- chi_mby: kutoka njia ya tatu ya Chimala hadi sehemu ya mizigo Mbeya.
- mby_mak_kuu: Mbeya hadi Makambako, njia kuu pote.

Ona kwamba treni mbili zitakazopishana Chimala tumezipa njia tofauti pale stesheni. Ukiziweka zote njia kuu ukitegemea kompyuta itatafuta upenyo, unaiachia kazi ambayo si lazima iifanye unavyotaka.

Mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, mwanzo wa njia uwe nyuma kiasi cha kutosha treni nzima, kwa sababu treni inawekwa ikianzia hapo na isipoenea haiwekwi. Pili, mwisho wa chi_mby usiwe kwenye jukwaa ambalo treni ya abiria itakuwa imelala. Jukwaa likiwa na mabehewa nane tangu saa nne na dakika 20 asubuhi, treni ya kokoto, ambayo ndiyo itakayotumia chi_mby, itasimama kwenye ishara ya kuingilia na kubaki hapo mpaka mchana.

Ratiba yenyewe

Fungua Excel au LibreOffice Calc. Kabla ya kuandika lolote, chagua visanduku vyote uviweke katika muundo wa maandishi, la sivyo 06:00 itabadilishwa kuwa 6:00 AM au 06:00:00. Saa ni za mfumo wa saa 24: saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00, saa mbili asubuhi ni 08:00. Mtu akiandika kwa mazoea ya saa za Kiswahili, treni yake ya asubuhi itaondoka usiku wa manane.

Likishahifadhiwa, jedwali linasomeka hivi:

```
;#comment;Abiria_Asubuhi;Mizigo_Dar;Kokoto;Abiria_Jioni
#comment;Nyanda za Juu siku ya kazi;;;;
#path;;mak_mby_kuu;mby_mak_pembeni;chi_mby;mby_mak_kuu
#consist;;abiria_8;mizigo_16;kokoto_10;abiria_8
#start;;05:50;06:20;09:00 $create=05:00;13:50
Makambako;;06:00;;;18:10
Chimala;;08:10-08:25 $hold $wait=Mizigo_Dar /maxdelay=90 /notstarted;08:00-08:35 $hold $wait=Abiria_Asubuhi /maxdelay=90 /notstarted;;15:50-16:00
Mbeya;;10:20;;;14:00
#dispose;;$forms=Abiria_Jioni;;;
```

Kila safu wima ni treni. Kisanduku cha kwanza kabisa kinabaki kitupu. Pale safu ya #comment inapokutana na mstari wa #comment ndipo panapoandikwa jina la ratiba litakaloonekana kwenye menyu. Mpangilio wa stesheni kwenda chini hauna athari kwa mwelekeo wa treni, kwa kuwa mfuatano wa vituo unatoka kwenye njia uliyochora. Ndiyo maana treni ya kwenda na ya kurudi zinatumia mistari ileile. Kisanduku kitupu maana yake treni haisimami hapo.

Majina ya stesheni lazima yalingane na yale yaliyomo kwenye reli. Fungua faili la .tdb la reli yako kwa Notepad++, tafuta neno PlatformItem, na chini yake utaona sehemu ya Station: jina lililo kwenye mabano hayo ndilo la kunakili. Kuna jina la jukwaa pia hapo; usilichanganye na la stesheni.

Sasa hili la majukwaa mawili. Treni inasimama kwa amri ya ratiba pale tu njia yake inapopita kwenye alama ya jukwaa la stesheni hiyo. Njia ya pembeni ya Chimala isipokuwa na alama ya jukwaa, kisanduku cha Mizigo_Dar hakitafanya kazi, treni itapita moja kwa moja kuelekea Makambako na kukutana uso kwa uso na ya abiria. Reli nyingi za kutengenezwa na mashabiki zina jukwaa upande mmoja tu. Hakikisha kabla ya kuchagua stesheni ya kupishania.

Amri ya $hold inashikilia ishara ya kutokea mpaka dakika 2 kabla ya saa ya kuondoka. Bila hiyo, treni ikiwa bado inapakia abiria inaweza kuwa imeshafunguliwa ishara na kujichukulia njia yote ya mbele.

Amri ya $wait ndiyo roho ya njia moja, na inastahili kueleweka vizuri. Inaiambia treni imsubiri mwenzake apite kwanza. Programu inaanza pale amri ilipoandikwa, inatafuta kipande cha kwanza cha reli ambacho treni zote mbili zitakitumia, na kuizuia treni kwenye ishara kabla ya kipande hicho. Ndiyo maana tumeiandika kwenye kisanduku cha Chimala. Ukiiandika kwenye mstari wa #note, ambao kwenye mfano wetu haupo, utafutaji unaanzia mwanzo wa safari: Mizigo_Dar ingeonekana inashirikiana njia na Abiria_Asubuhi tangu inapotoka Mbeya, na ingekaa Mbeya ikiisubiri mpaka ifike. Ratiba haina kosa lolote la maandishi, lakini treni haiondoki, na mtu anaweza kutafuta sababu siku nzima.

Halafu /maxdelay. Hii ni dakika ambazo treni inayosubiriwa inaruhusiwa kuchelewa kabla kusubiri hakujafutwa. Ukiiweka ndogo mno, kusubiri kunafutwa mapema. Maana yake mchezaji akichelewa kidogo na Abiria_Asubuhi, Mizigo_Dar haitamsubiri tena, itatoka Chimala kumfuata. Kwa njia moja weka 60 au 90. Na /notstarted inafanya kusubiri kuwe halali hata kama mwenzake hajaanza safari.

Treni ya Kokoto inaanza 09:00, lakini $create=05:00 inaiweka pale njia ya tatu tangu alfajiri. Wanaopita Chimala asubuhi wanaiona imelala. Bila amri hiyo ingejitokeza ghafla mbele ya macho yao. Haina dakika nyingi za barabarani, inapanda mlima, haipishani na mtu, kwa hiyo ndiyo ya kumpa mgeni wa gemu.

$forms inaigeuza Abiria_Asubuhi kuwa Abiria_Jioni. Mwanzo wa mby_mak_kuu lazima uwe kwenye jukwaa lilelile mak_mby_kuu ilipoishia. Mstari wa #consist wa Abiria_Jioni ujazwe vilevile japo mabehewa yanatoka kwa treni ya asubuhi. Treni zisizo na kitu kwenye #dispose zinaondolewa zikifika mwisho.

Kuhifadhi

Hifadhi kama CSV, usimbaji UTF-8, kitenganishi kiwe nukta mkato. Katika LibreOffice Calc dirisha la kuchagua haya linajitokeza lenyewe ukiweka alama kwenye kuhariri mipangilio ya kichujio. Kwa kuwa nukta mkato na mkato vyote vinaweza kusomwa kama kitenganishi, usivitumie mahali popote ndani ya majina au maelezo. Alama ya # nayo isiingie kwenye jina la treni. Jina la treni ya .con likiwa na alama ya + au $, lifunge kwa < na >. Bora zaidi usilipe jina la hivyo.

Badilisha kiendelezi kiwe .timetable_or na uweke faili kwenye ROUTES\jina la reli\ACTIVITIES\OPENRAILS. Folda isipokuwepo, iunde. Windows ikiwa imeficha viendelezi, utaishia na faili linaloitwa siku_ya_kazi.timetable_or.csv na menyu haitaliona. Washa kuonyesha viendelezi kwanza.

Majaribio

Kwenye menyu chagua reli, hamia upande wa "Timetable", kisha ratiba, treni, msimu na hali ya hewa. Theluji iache. Gemu ikianza inaziendesha kwanza treni zote za kompyuta mpaka kufika saa ya treni uliyoichagua. Ukichagua ya asubuhi hiyo ni sekunde chache. Ukichagua ya mchana subiri zaidi, hasa kwa kompyuta dhaifu.

Tabia hiyo ni zana nzuri ya ukaguzi. Ongeza safu ya treni fupi, kichwa kimoja tu, ianze 12:00 mahali pasipozuia mtu, uiite Ukaguzi. Ichague. Gemu itapitisha asubuhi yote, na ukiingia utakuta matokeo yake. Bonyeza F5, kisha Shift+F5 mara kadhaa mpaka ukurasa wa msimamizi wa treni: kila treni iko wapi, imechelewa dakika ngapi, na njia imefunguliwa mpaka wapi. Saa 12:00 ya mchana Abiria_Asubuhi inapaswa kuwa imeshafika Mbeya na Mizigo_Dar imeondoka kwenye orodha. Mizigo_Dar ikiwa bado Chimala, angalia $wait na tahajia ya jina la treni. Ikiwa katikati ya mlima kwa mwendo wa sifuri, rudi kwenye hesabu ya uzito.

Makosa ya kusoma mafaili yanaandikwa kwenye OpenRailsLog.txt, ambalo kwa kawaida liko kwenye eneo-kazi la Windows. Treni isipotokea kabisa kwenye mchezo, faili hilo litakuambia kama ni njia haikupatikana au treni ya .con. Treni ikipita stesheni bila kusimama, jina la stesheni halilingani au njia haipiti kwenye jukwaa. Mbili zikianza mahali pamoja kwa wakati mmoja, ya pili haiwekwi.

Ukiwa ndani ya mchezo, F10 inakuonyesha vituo vya treni yako na saa zake. Hifadhi kwa F2 kila unaposimama stesheni. Safari ya Makambako hadi Mbeya ni zaidi ya saa nne za kweli, na umeme haukuulizi. Ukishahifadhi mchezo usiguse ratiba, njia wala mafaili ya .con mpaka uumalize, maana hifadhi ya zamani na mafaili mapya hayaelewani.

Anza na treni hizi nne. Zikitembea siku tatu za mchezo bila kukwama, ongeza moja moja na ukague kila mara. Treni ya saba au ya nane ndiyo huanza kudai stesheni ya pili ya kupishania, na hapo kila jozi ya treni zinazokutana inahitaji $wait zake mbili, moja kila upande.

Kumpa mwenzako

Aliye Iringa au Njombe akitaka ratiba yako, faili la .timetable_or peke yake halimfai. Kusanya katika zipu moja: faili la ratiba, mafaili manne ya .pat kutoka folda ya PATHS ya reli, na mafaili ya .con. Ongeza faili dogo la maandishi lenye jina la reli na toleo lake, majina ya folda za vichwa na mabehewa uliyotumia, na kama ratiba ni ya siku kavu au inavumilia mvua. Mabehewa yenyewe asiyapokee kutoka kwako kama mtengenezaji wake hajaruhusu kusambazwa. Mwelekeze mahali ulipoyashusha. Zipu ya mafaili hayo ni ndogo sana, inapita hata kwa WhatsApp bila kumaliza bando.